Seva zote ni kijani, lakini wanachama wanalalamika: tufuatilie nini?

Msimamizi wa Mifumo, Upper Hill
Habari zenu, wataalamu wenzangu. Ninasimamia mifumo ya Sacco moja hapa Nairobi. Mwisho wa mwezi uliopita, wanachama waliolipa mikopo kwa M-Pesa walipata ujumbe kwamba fedha zimepokelewa, ilhali salio la mikopo yao halikubadilika kwa saa tatu. Muda huo wote skrini yetu ya ufuatiliaji ilikuwa kijani: seva zinafanya kazi, diski zina nafasi, intaneti haijakatika. Habari tuliipata kwa karani wa kaunta, na meneja akaniuliza ufuatiliaji huu unamlinda nani. Nilikosa jibu.

Fundi wa Kasarani
Pole sana, ndugu. Skrini yenu ilijibu ilichoulizwa, yaani kama seva zinawaka. Fuateni muamala wenyewe. Mwanachama akishaweka PIN, taarifa ya malipo hutumwa kwenye anwani ya mtandao ambayo Sacco imesajili, kisha mfumo wenu ndio unaoyaandika kwenye akaunti yake. Anwani hiyo ikishindwa kupokea, pengine kwa kuwa cheti chake cha usalama, yaani uthibitisho wake wa kidijitali, kimeisha muda, fedha huingia paybill, yaani namba ya M-Pesa ambayo Sacco hupokelea malipo, lakini mfumo hauna habari. Linganisheni kila baada ya dakika chache malipo yaliyoingia paybill na yaliyoandikwa kwenu. Tofauti ikizidi kiwango mlichokubaliana, mtu wa zamu apigiwe simu.

Mhasibu, Eneo la Viwandani
Naongezea kwa upande wa fedha, kwa sababu jambo hili hutuumiza sana. Mkataba unaoahidi huduma kupatikana kwa asilimia 99.9 bado unaruhusu dakika 43 hivi za kukatika katika mwezi wa siku 30, na hausemi ni dakika zipi. Zikiangukia Jumapili usiku wa manane, hakuna atakayejua. Zikiangukia siku ya mishahara, au tarehe 9 waajiri wanapokamilisha malipo ya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, foleni hufika barabarani. Tafadhali keti na idara ya mikopo, mwandike kalenda ya siku hizo kabla ya kugusa mipangilio yoyote.

Msimamizi wa Mifumo, Upper Hill
Ahsanteni sana. Nimekagua, na kweli cheti kilikuwa kimeisha muda asubuhi ile. Je, kiwango cha tofauti kiamuliwe na nani?

Fundi wa Kasarani
Mkuu wa mikopo, kwa sababu yeye ndiye hujibu wanachama. Wewe mwambie tu gharama ya kumwamsha mtu usiku.