Tumelipa laki tatu na nusu kuharibiwa injini ya chesi, halafu tunaambiwa tununue RAM!

Wakuu, nimekaa na hili tangu Jumamosi na bado damu inachemka. Wasimamizi, naomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye matangazo ya laptopu.

Tuna kikundi cha chesi cha watoto hapa Kirumba, Mwanza. Kompyuta ni moja, ya mtumba, RAM GB 4. Injini (programu inayocheza chesi) wanayofanyia mazoezi nimeiandika mwenyewe kwa lugha ya C, usiku baada ya kazi, karibu miaka miwili. Ilikuwa inajibu ndani ya sekunde mbili. Wazazi, wengine wanauza dagaa pale Mwaloni, wakachangishana 350,000 ili kampuni moja ya hapa mjini iiongezee kasi.

Jumamosi ikarudi. Binti wa miaka kumi akasogeza farasi f3, akasubiri. Taa ya diski ikawaka bila kuzima, kipanya kikaganda. Nilihesabu: sekunde arobaini na moja. Mtoto akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea?" Hapo ndipo iliponiuma.

Nikafungua msimbo. Jedwali la heshi, lile linalotunza misimamo ya ubao iliyokwisha kuchambuliwa, nililiweka MB 64. Wao wamelipandisha hadi GB 3! Kwenye mashine ya GB 4, na Windows imeshajichukulia chake! RAM ikijaa, mfumo unahamishia data kwenye diski, na diski yetu ni ile ya kuzunguka. Injini huchungulia jedwali hilo maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, leo huku kesho kule, bila mpangilio. Sasa kila ikichungulia inasubiri diski izunguke.

Kuna baya zaidi. Ingizo langu moja kwenye jedwali hilo lilikuwa baiti 16. Muvu, yaani hatua moja ya mchezo, inatosha kwenye biti 16: sita za mraba wa kutoka, sita za mraba wa kwenda, nne za mambo kama kupandisha askari cheo. Maingizo manne yanakaa sawasawa kwenye mstari mmoja wa kashe (memori ndogo ya kasi ndani ya prosesa) wa baiti 64, prosesa inayachota kwa mkupuo. Wao wameandika "g1f3" kwa herufi, na ubao mzima kwa maandishi juu yake. Zaidi ya baiti mia kwa ingizo moja! GB 3 zimejazwa maneno.

Na orodha ya muvu je? Hakuna msimamo halali unaojulikana wenye muvu zaidi ya 218, kwa hiyo nilitenga nafasi 256 mapema, baiti 2 kila moja, kwa kila kina (kina ni idadi ya hatua injini inazotazama mbele). Hata kina 64 ni KB 32 tu. Wao wanaomba memori upya kwenye kila msimamo, wanairudisha, wanaomba tena. Mamilioni ya mara!

Nikampigia fundi wao. "Mkuu, hesabu iko sahihi, pima mwenyewe." Ni kweli, ikihesabu njia zote za kucheza kuanzia mwanzo wa mchezo hadi kina cha 5 inatoa 4,865,609 kama inavyotakiwa. Lakini yangu ilimaliza chini ya sekunde moja, yake sekunde 19. Na kipimo hicho nilivyokiandika hakigusi jedwali la heshi kabisa, kwa hiyo hapo RAM haihusiki! Nilipomwambia hivyo akajibu, "Basi ongezeni RAM," akakata simu.

Ongezeni RAM! Mwaka 1982 David Horne alitosheza programu ya chesi kwenye baiti 672, kwenye kompyuta ndogo ya ZX81 yenye memori ya KB 1. Haikujua kumficha mfalme nyuma ya ngome wala kupandisha askari, lakini ilicheza. Simdai mtu afike huko. Namdai aliyelipwa apime kazi yake kabla ya kuikabidhi.

Nimerudisha faili la zamani kutoka kwenye flashi, watoto wanaendelea. Ninachotaka ni hela ya wazazi. Makubaliano yameandikwa "kuongeza kasi", risiti ninayo, vipimo vya kabla na baada ninavyo. Wanaojua sheria humu, naanzia wapi: serikali ya mtaa au mahakama ya mwanzo?