Mrejesho: darasa langu la pili, Ujiji

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Mwezi Machi niliuliza nifanyeje na darasa langu la pili hapa Ujiji: watoto 87, mmoja ana ualbino na haoni ubao, mwingine nikimwita haitiki, nami sijasomea elimu maalumu.

Yule mwenye ualbino nilimkalisha mbele, lakini akiangalia dirisha. Kumbe hapo ndipo nilipokuwa namwumiza! Jua la asubuhi lilikuwa linamchoma macho. Sasa dirisha liko mgongoni kwake, kofia anavaa hata darasani, na ruhusa anayo ya kuinuka na kuusogelea ubao wakati wowote. Miwani peke yake haimalizi uoni hafifu wa ualbino, kwa hiyo mazoezi namwandikia kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa. Juzi alisoma aya nzima kwa sauti. Nilitoka nje kidogo nikafute machozi.

Huyu wa pili mlisema apimwe masikio kabla hatujamwita mzito. Bibi yake alimpeleka hospitali, akakutwa na usaha wa muda mrefu. Yuko kwenye dawa. Mimi nimeacha kuongea huku nimewapa mgongo naandika ubaoni, maana anafuatisha midomo yangu.

Amebaki mmoja asiyetulia kabisa. Nimempa kazi ya kugawa madaftari. Siku nyingine inasaidia, siku nyingine hapana. Mliowahi kufundisha watoto wa namna hiyo, naomba mnielekeze.