Bastola ya kubeba kila siku: wenye leseni tupeane uzoefu

Mnunuzi wa Mpunga

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye leseni na wale ambao maombi yao yako hatua za mwisho. Ambaye hajaanza aende kwanza kwa mwenyekiti wake wa mtaa na kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), tutamkaribisha baadaye. Naomba kila mtu aeleze bastola aliyochagua, anaibeba wapi mwilini, na kilichomfanya abadilishe kama alibadilisha. Sifa za kwenye matangazo tuziache.

Naanza mimi. Nanunua mpunga Igunga na Kahama, na wakulima wengi bado wanataka fedha mkononi. Kibali kilipotoka nilichagua kwa macho. Nilichukua Beretta 92, bastola ninayoiheshimu mpaka leo kwa jinsi inavyotulia mkononi ukipiga shabaha. Lakini ni chuma cha karibu kilo moja ikiwa tupu, na risasi 15 za milimita 9 zinaongeza kama gramu 180. Mchana kutwa unapanda lori, unashuka, unainama kupima magunia. Mwezi wa kwanza niliibeba kila siku. Wa pili nikaibeba siku za safari ndefu tu. Wa tatu ikawa inalala kwenye sefu, nami najiambia leo siendi mbali.

Jioni moja pikipiki mbili zilitukatia njia kwenye barabara ya vumbi, watu wanne, mmoja ana panga. Dereva wangu alirudi kinyumenyume kama mita 200 hivi, akitazama kioo cha pembeni tu, mpaka tukafika penye nyumba za watu. Mimi nilikuwa nimeshika kiuno changu pale ambapo bastola ingekuwa. Vidole viligusa mkanda wa suruali tu.

Sasa natumia Glock 19. Risasi ni zilezile 15, milimita 9 ileile, ila ikiwa tupu ina kama gramu 600, na mtutu wake ni sentimita 10 tu. Nimekaa nayo tangu 2019 na sijawahi kuiacha nyumbani kwa sababu ya uzito. Karibuni.

Pwani ya Kale

Shikamoo wakubwa, hujambo rika. Mimi niko Mombasa. Huku Kenya ukisema bastola watu wengi wanasikia Ceska, yaani CZ za kiwanda cha Czech, na mimi nilianza na hiyo, CZ 75 B, chuma kitupu. Ina uzito, lakini teke lake (msukumo wa nyuma ukifyatua) ni dogo na mpini wake umekaa kama ulifinyangwa kwa kiganja changu.

Ila naomba wanaoifikiria wasikilize hapa. CZ 75 B ya kawaida haina kitufe cha kushusha nyundo, kile kichuma cha nyuma kinachofyatua risasi. Ukishakoki (kuvuta nyuma slaidi, chuma cha juu ya bastola) na risasi imo kwenye chemba (nyuma ya mtutu, tayari kufyatuka), unabeba nyundo ikiwa juu na sefti (kufuli ya usalama) imefungwa, au unaishusha kwa dole gumba huku umevuta traiga (kifyatulio). Nilichagua njia ya pili. Usiku mmoja nilikuwa nimetoka kuipaka mafuta, dole gumba bado linateleza. Nyundo ikanichopoka. Risasi ilipita kwenye kiti cha sebuleni ikaingia ukutani, kimo cha goti. Binti yangu alikuwa amelala chumba cha upande ule ule, ukuta mmoja tu kati yetu. Nilikaa sakafuni masikio yanalia, nikamsikia akiita baba, baba, na miguu ikakataa kunyanyuka.

Bastola haikuwa na kosa lolote. Ilifanya nilichoiambia. Niliripoti kituoni asubuhi, na baadaye nikahamia CZ P-07 ambayo unaweza kuifungia kitufe cha kushusha nyundo badala ya sefti. Nabonyeza, nyundo inashuka yenyewe, dole gumba halihusiki. Mvuto wa kwanza wa traiga ni mrefu na mzito, na hilo ndilo ninalolitaka.

La pili ni jasho na chumvi. Huku kwetu bastola ya rangi nyeusi ya kizamani ukiivaa mchana mmoja chini ya shati, jioni ukiifuta unaona vidoa vya kutu vya rangi ya manjano iliyoiva pale ilipogusa ngozi. Nafuta kila siku, kitambaa chenye mafuta kidogo, nje na ndani ya magazini (kisanduku cha risasi) pia. Mafuta mengi ni hatari kama ukavu, yanakamata vumbi.

Mama Nyamagana

Asante Mnunuzi kwa uzi huu. Nina duka la jumla Mwanza. Mtu wa kwanza kunishauri alisema mwanamke achukue ndogo kabisa, nikamwamini. Nikachukua Glock 43, risasi sita kwenye magazini, nyembamba kama kitabu cha daftari.

Ndugu zangu, ndogo kubeba na ndogo kupiga ni vitu viwili. Bastola nyepesi inarudisha teke lote mkononi kwako. Mpini ni mfupi, kidole changu cha mwisho kinaning'inia hewani. Springi ya bastola ndogo ni ngumu, nilikuwa siwezi kuvuta slaidi kwa vidole viwili. Mkufunzi ndiye aliyenifundisha kushika slaidi kwa kiganja chote juu yake na kusukuma mpini mbele kwa mkono mwingine, hapo ikafunguka. Siku ya kwanza ya shabaha, mita saba, risasi tano, mbili tu ziligusa karatasi. Mwenzangu akanipa 43X yake. Upana ni uleule, mpini mrefu kidogo, risasi 10. Zote tano zikaingia. Nikabadilisha.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa bastola. Nilikuwa naibeba kwenye mkoba, na funguo, na leso, na risiti za benki. Jumapili kanisani mjukuu wangu wa miaka minne akatumbukiza mkono kutafuta pipi. Aliutoa ukiwa na pipi. Mimi nilikuwa nimeona kiwiko chake kimezama ndani ya mkoba na sauti haikutoka. Kuanzia siku hiyo silaha yangu haijakaa tena mahali ninapopaweka chini.

Mstaafu Magomeni

Nimesoma kwa makini. Nilifundisha askari kwa miaka mingi, nachangia mawili.

Kwanza, mnazungumza bastola na kuacha holsta, ala ya kuvalia bastola. Mwenye hela ya bastola ananunua holsta ya kitambaa laini. Nimemwona kwa macho kijana aliyejipiga paja. Holsta yake ya ngozi ilikuwa imechakaa, mdomo umejikunja ndani. Alipokuwa anarudisha bastola, lile kunjo likaingia kwenye traiga kama kidole cha mtu. Bastola kama Glock haina sefti ya kubonyeza kwa dole gumba. Ina tatu zinazofanya kazi zenyewe, na zote zinafunguka traiga ikivutwa, hata ikivutwa na ngozi, kamba ya jaketi au pindo la shati. Kwa hiyo holsta iwe ngumu, ifunike traiga yote, mdomo ubaki wazi hata bastola ikitoka. Na mkanda uwe mgumu vilevile. Ukirudisha, tazama. Hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha.

Pili, kwa raia nashauri chemba iwe tupu mpaka mkono uwe na mazoezi ya kutosha. Najua watanipinga.

Kaka wa Houston

Shikamoo mzee. Nakupinga kwa heshima. Niko Texas, ambako tangu Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 asiye na zuio la kisheria anaweza kubeba bastola bila leseni. Hapa wanakufundisha kubeba risasi ikiwa kwenye chemba, kwa sababu kukoki kunataka mikono miwili, na siku ya shida mkono mmoja unaweza kuwa umembeba mtoto au unamsukuma mtu.

Huku uchaguzi ni mwingi mpaka unachosha. Mimi nilikodi bastola sita uwanja wa shabaha kabla ya kununua, nikaishia kwenye SIG P365, risasi 10, karibu nusu kilo. Ingekuwa heri mngepata nafasi ya kujaribu hivyo.

Ninachojutia ni gari. Posta nilikuwa siruhusiwi kuingia nayo, shuleni kwa watoto vilevile, basi nikawa naivua na kuiacha chini ya kiti. Wakavunja kioo, wakaiiba. Namba za ile bastola ziko polisi mpaka leo, na kila nikisikia kuna mtu amepigwa risasi mtaa ule nawaza ni ipi iliyotumika. Sasa nina kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye chuma cha kiti.

Mstaafu Magomeni

Mwanangu, hoja ya mkono mmoja naikubali. Kwa aliyefanya mazoezi nakubali chemba ijae. Ila wengi huku wanapiga shabaha mara moja kwa mwaka, wengine tangu siku ya kununua hawajapiga. Hao ndio ninaowasemea.

Na nyie mnaojaza na kutoa chemba kila usiku: msirudishe risasi ileile kila asubuhi. Ikigongwa kwenye chemba mara nyingi, kichwa kinazama ndani ya ganda, na presha inapanda ukija kuipiga. Ipange pembeni mwa risasi mpya uone. Ikiwa fupi, iweke kando.

Mchimbaji Geita

Nami nitaje fupi. Nilirithi Makarov kwa taratibu zote za kisheria. Bastola imara sana, risasi nane. Tatizo ni kwamba risasi yake ya milimita 9 ina ganda la urefu wa milimita 18, hizi za kawaida ni 19, hazibadilishani. Zile nilizorithi nayo zikaisha, na kupata nyingine ni kuzunguka. Kabla hujapenda bastola, uliza risasi zake zinapatikana wapi na kwa bei gani.

Mnunuzi wa Mpunga

Nashukuru sana, nimejifunza. Mzee, jana nimekagua holsta yangu. Mdomo wake umeanza kulegea upande wa ndani, nimeitupa. Mama Nyamagana, mke wangu naye leseni yake imetoka na anavaa madera. Wewe sasa unaibeba wapi?

Mama Nyamagana

Mkanda mpana wa tumbo, ule wenye mifuko, ila ndani ya mfuko nimetia ganda gumu la plastiki linalofunika traiga. Unakaa juu kidogo ya nyonga ya kulia. Dera lenyewe nimemwambia fundi aache mshono wa ubavuni wazi kiasi cha kiganja, afunike na kipande cha kitambaa hichohicho. Mwambie kwanza ajizoeze nyumbani bastola ikiwa tupu, magazini iko chumba kingine, aichomoe mara 20 kila jioni. Mimi wiki ya kwanza kitambaa kilikuwa kinanasa kwenye slaidi kila mara, mpaka fundi akaongeza mwanya kwa vidole viwili.