Vyeo vya kikabaila vya utani chuoni: tuvifute au tuvirekebishe?

Jumbe wa Foleni:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Dodoma. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha hapa. Mwaka jana, bumu (fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi) lilipochelewa nasi tukawa tunashindia maandazi, tulianzisha chama cha kujifanya makabaila, ambamo kadiri mtu alivyokuwa mkavu mfukoni ndivyo alivyopewa cheo kikubwa. Tunaye Mtemi, ambaye joho lake ni shuka la hosteli na taji lake ni majani ya mzabibu. Tunaye Liwali wa Madeni, Akida wa Sapu (yaani mitihani ya marudio), na mimi Jumbe wa Foleni. Kila Ijumaa jioni Mtemi huketi kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya, nasi humsomea mashtaka kwa lugha ya barua za serikali. Tulicheka sana.

Muhula huu wamejiunga wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na Akida ameanza kuwatuma kwelikweli: wamchotee maji, wamshikie nafasi kwenye foleni ya chakula. Nilipomkumbusha kwamba uakida wake unatokana na mitihani aliyofeli, alinijibu kwamba Jumbe hana mamlaka ya kumhoji Akida. Je, tuvifute vyeo, au ipo njia ya kuvirudisha kwenye utani?

Mzee wa Mpwapwa:
Kijana wangu, kwa masikitiko makubwa, Akida yuko sahihi. Katika utawala wa Wajerumani jumbe alikuwa chini ya akida, na hapo huna pa kukatia rufaa. Hata hivyo, mkumbushe kwamba Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kushambuliwa. Naona na ninyi ugomvi wenu umeanzia kwenye maji.

Mlalahoi:
Vifuteni. Mamlaka ya machifu yalifutwa nchi nzima mwaka 1963, nanyi mnashindwa na Akida mmoja mwenye sapu?

Mjukuu wa Mvumi:
Mimi sikubaliani na kufuta, ila nina neno kuhusu huyo Mtemi wenu. Kwetu Ugogoni mtemi hakuwa mtu wa kukaa tu na kupepewa. Alikuwa mwenye kigoda na mawe ya mvua, na anga lilipokataa kunyesha, macho ya watu wote yalimwelekea yeye. Kama mmelichukua jina, lichukueni na mzigo wake: bomba la hosteli likikauka, wa kwanza kubeba ndoo awe Mtemi, akiwa na joho lake na taji lake, mchana kweupe, ili watu wamwone.

Msomaji wa Zamani:
Ndugu Mjukuu amegusa penyewe. Mchezo huu si mgeni kwetu: katika ngoma ya beni, iliyoanzia Pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vikundi vya Marini na Arinoti vilikuwa na wafalme na maofisa wao waliovaa sare za kuiga Wazungu. Lakini vikundi hivyo pia vilikuwa vya kusaidiana, na mwenye cheo alitarajiwa kutoa. Nanyi wekeni kanuni kwamba kila cheo kina gharama yake: Liwali anunue chai ya baraza, Akida awachotee maji wa mwaka wa kwanza. Wageni nao wapewe vyeo vya juu siku ileile wanayojiunga, maana utani wa kumcheka aliye chini yako hauna ladha.

Jumbe wa Foleni:
Nawashukuru nyote. Kanuni imepitishwa jana kwa kura zote isipokuwa moja. Mtemi amebeba ndoo mbili hadi ghorofa ya tatu, taji likamdondokea ndani ya ndoo. Akida ameandika barua ya kujiuzulu kwa sababu za kiafya, na uakida sasa uko wazi. Tangu asubuhi hakuna aliyeuomba.