Naomba ushauri: niendelee na Python au nihamie JavaScript?

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu kujifunza kuandika programu za kompyuta, kazi ambayo nimeamua kwa dhati iwe riziki yangu. Kwa miezi 4 nimejisomea Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na inayosifiwa kwa wepesi wa kusomeka, lakini kila ninapotazama nafasi za kutengeneza tovuti nakuta inatakiwa JavaScript, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo vivinjari (programu za kufungulia tovuti) huiendesha moja kwa moja. Je, nihamie huko sasa, au nikamilishe kwanza misingi, hasa miundo ya data (njia za kupanga taarifa ndani ya programu) na hifadhidata za SQL (lugha ya kutafuta na kusimamia taarifa zilizohifadhiwa), ambayo naamini hubaki na manufaa hata mtu akibadili lugha? Pia, waajiri huthamini zaidi cheti cha mafunzo ya muda mfupi au miradi niliyoijenga mwenyewe?