Boksi limeandikwa 10mm, ndani mna nguvu ya .40. Tumeuziwa jina!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimetumia karibu mwaka mzima kuchagua bastola moja. Nimesoma, nimeuliza, nimeshika bastola za watu, nimesikiliza kila aliyejiita mjuzi. Mwisho nikachukua ya kaliba ya 10mm, yaani risasi yenye unene wa milimita 10. Kubwa, nzito, mshikio mpana kiasi kwamba kidole changu cha shahada kinafika kwenye kifyatulio kwa ncha tu. Nilikubali uzito. Nilikubali teke lake ikifyatuliwa. Nilikubali kwamba risasi zake utazunguka maduka kabla hujazipata. Yote hayo niliyakubali kwa sababu moja, nguvu. Jumamosi iliyopita nimeweka kipima mwendo mbele ya mtutu, na hiyo nguvu haimo.

Boksi lenyewe hili hapa mezani. Maandishi makubwa mekundu: 10mm Auto, kichwa cha risasi cha greini 180 (uzito wa kama gramu 11.7), mwendo futi 1,030 kwa sekunde, yaani kama mita 314. Hiyo 1,030 tayari ni ndogo kwa kaliba hii, nitaeleza kwa nini. Nikapiga kumi. Ya kwanza mita 301. Ya pili 297. Ya tatu 304. Nikafikiri kipima mwendo kimepigwa na jua vibaya, nikakihamishia kivulini, nikaendelea. Wastani wa kumi ukatoka mita 300 kamili. Ukipiga hesabu ya nishati ni jouli 525 hivi. Wakuu, hiyo ni nguvu ya ile kaliba ndogo, .40 S&W. Sisemi inakaribia, nasema ndiyo hiyo hiyo, greini 180 kwa mwendo ule ule. Na 9mm ya kawaida ya greini 124 ikitoka kwa mita 350 ina jouli 490 na ushee. Kwa hiyo nimebeba chuma kizito kiunoni, nimejibana mkono kwenye mshikio usionitosha, kwa tofauti ya jouli thelathini na kitu na bastola ndogo ambayo risasi zake zimejaa kila mahali!

Hata bila kipima mwendo ningepaswa kushtuka mapema. Maganda yalikuwa yanadondoka karibu na kiatu changu cha kulia, yamechoka, mengine yanateleza juu ya mkono. Jamaa wa pembeni yangu alikuwa na 10mm ya aina ile ile lakini risasi zake ni za nguvu kamili. Ya kwake maganda yalikuwa yanaruka hatua nne, tano, na ule mlio unausikia kifuani. Springi ya bastola hizi imekazwa kwa ajili ya risasi kali. Ukiipa risasi legevu, slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukifyatua, inarudi kivivu, na siku moja haitarudi ya kutosha, ganda litabanwa mlangoni. Mara mbili siku ile lilibanwa. Mara mbili katika boksi moja.

Sasa nirudi kwa aliyeniuzia. Simtaji. Nilimwambia wazi kazi yangu inanipeleka porini kwenye wanyama wakubwa, silaha kubwa haibebeki muda wote, nataka kitu cha kiunoni cha kuokoa roho pale mambo yakiharibika. Akanipa boksi hilo, tena risasi za kichwa chenye tundu. Tundu! Kichwa cha tundu kimetengenezwa kifunguke mara tu kinapoingia, kipanuke, kipoteze mwendo haraka. Kwa mnyama mwenye ngozi nene na mifupa mipana hicho ndicho usichokitaka. Unataka kichwa kigumu, kizito, pua bapa, kinachokwenda moja kwa moja bila kubadilika umbo. Yeye akasema, namnukuu, "Hiyo ten, mzee, inaangusha chochote." Hakuuliza mnyama gani. Hakuniambia pia ukweli ambao mtu yeyote wa porini anaujua, kwamba bastola hata iwe kali vipi si mbadala wa bunduki ndefu. Alitaka boksi litoke.

Kisha akaongeza neno ambalo hadi leo likinijia natetemeka. "Ukikosa za 10mm, tia .40, zinaingia tu."

Ndugu zangu, zinaingia kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Jana usiku nimesimamisha risasi mbili mezani, moja ya 10mm, moja ya .40. Kichwa unene ule ule. Kitako kile kile. Ukizitazama kwa juu hutofautishi. Zitazame kwa ubavu: ganda la 10mm lina urefu wa milimita 25.2, la .40 lina 21.6. Tofauti ya milimita 3.6, chini ya upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Katika bastola hizi mdomo wa ganda ndio unaogota mbele kwenye ukingo wa chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na kuituliza risasi mahali pake. Ukitia ganda fupi, mdomo haugoti popote. Risasi inabaki inaning'inia kwenye kile kindoano cha kung'olea ganda, kitu chembamba ambacho hakikutengenezwa kubeba kazi hiyo. Kindoano kikiachia au kikivunjika, ganda liko huru ndani ya chemba huku pini ya kufyatulia inakuja. Watu wanafanya, najua, na wengi wameondoka salama. Lakini muuzaji kumpa mteja mgeni ushauri huo kama vile anamwelekeza kituo cha basi, huo ni uzembe unaoweza kumng'oa mtu vidole.

Mnisamehe niingie kwenye historia, kwa sababu bila historia hamtaelewa kwa nini nasema tumeuziwa jina.

Kaliba hii ilitoka 1983 pamoja na bastola ya Bren Ten ya Dornaus & Dixon, na Jeff Cooper, yule mwalimu wa bastola wa Marekani, ndiye aliyekuwa mkono wa nyuma wa wazo lenyewe. Risasi za kwanza zilitengenezwa na Norma wa Sweden: kichwa cha greini 200, futi 1,200 kwa sekunde, mita 366. Hesabu hiyo inakupa zaidi ya jouli 860. Hiyo ndiyo 10mm. Hiyo ndiyo iliyowafanya watu waitamani. Bahati mbaya Bren Ten yenyewe ikawa aibu, wateja wakapokea bastola zisizo na magazini, hebu fikiria, na kufikia 1986 kampuni imefilisika. Kampuni ya Colt ikaiokoa kaliba 1987 kwa bastola yake ya Delta Elite.

Mwaka ule ule wa 1986, tarehe 11 Aprili, likatokea lile pambano la Miami ambamo maofisa wawili wa FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, waliuawa, na risasi moja ya 9mm ikaonekana kuishia njiani kabla ya kufika moyoni kwa mhalifu. FBI wakaanza majaribio, wakaipenda 10mm, 1990 wakachukua bastola ya Smith & Wesson 1076. Ila walichokichagua si risasi ya Norma. Walichukua kichwa cha greini 180 kwa mwendo wa chini kidogo ya futi 1,000. Smith & Wesson na Winchester wakatazama wakaona, kama mwendo ni huo, sehemu ya ganda ni hewa tupu. Wakalikata ganda. Januari 1990 ikazaliwa .40 S&W, inayoingia kwenye bastola ya umbo la 9mm.

Mpaka hapo hakuna aliyedanganywa. .40 imeitwa .40. Udanganyifu ni huu wa baadaye: viwanda vikaendelea kujaza ile ile risasi ya polepole ndani ya ganda refu na kuiandika 10mm Auto, bila neno hata moja juu ya boksi kukuambia kuwa hii ni ile dhaifu. Ganda refu, baruti ya ganda fupi. Na sisi tunalipa kwa jina la Norma ya 1983.

Najua kuna watakaoniambia, "Hukufanya utafiti." Nilifanya! Ndiyo maana nina hasira. Nilianza na .41 Magnum, ile ya 1964 aliyoipigania Elmer Keith, yule mwandishi wa silaha, na nadhani bado ni rivolva bora kuliko sifa zake. Nikaiacha kwa sababu ya kinachoingia chemba. Mwenye .357 Magnum anafanyia mazoezi kwa .38 Special, risasi laini inayoingia rivolva ile ile, mwenye .44 Magnum ana .44 Special, mwenye .41 hana ndugu mdogo wa kumsaidia, risasi ikikosekana ameegesha chuma. Nikaitazama .357 SIG ya 1994, shingo ya chupa, kasi nzuri, lakini kichwa chepesi kwa kazi yangu. .45 GAP sikukaa nayo hata siku mbili, kwani ilitengenezwa kufupisha .45 ACP, si kuizidi. 10mm ndiyo iliyobaki imesimama. Glock 20 ipo tangu 1991, risasi 15 kwenye magazini, na kikosi cha doria cha Sirius cha Denmark kinaibeba kule Greenland kwa ajili ya dubu weupe. Nikajisemea, wanaoishi na dubu hawabebi mchezo. Na sawa, hawabebi mchezo. Lakini ukibeba bastola kama yao ukatia boksi kama langu, mchezo umeubeba wewe.

Utafiti wangu wote ulikuwa wa bastola na kaliba, kumbe kinachoamua ni boksi, na boksi haliongei. Halisemi mwendo ule umepimwa kwa mtutu wa urefu gani. Wangu ni sentimita 11.7. Wao wamepimia wapi? Hata wale waungwana wachache wanaotengeneza risasi za nguvu kamili huwa wanaandika urefu wa mtutu chini kwa maandishi madogo. Hawa wangu, hakuna. Namba imekaa yenyewe tu, kubwa, nyekundu, ya kumvuta mtu.

Na tafadhali msiniambie "jaza mwenyewe," yaani nitie baruti kwenye maganda kwa mkono wangu. Nawaheshimu wanaojaza, wanajua wanachokifanya, wana mizani na wana subira. Mimi sina mashine, sina ujuzi, na wapo watu ambao sheria wanakoishi haiwaruhusu. Kaliba hii ina kikomo cha mgandamizo wa psi 37,500, juu ya .40 yenye 35,000. Mtu mgeni akianza kukisia baruti ili afidie uvivu wa kiwanda, chemba itamlipukia, yeye na mwenzake wa pembeni. Nikinunua risasi iliyoandikwa 10mm Auto, ni haki yangu nipate 10mm Auto. Wakitaka kuuza laini, waandike laini. Kuna watu wanaihitaji kwa mazoezi, na ningeinunua mimi mwenyewe kwa mazoezi, kwa macho makavu, kama ingeandikwa.

Nimewaandikia watengenezaji kuuliza urefu wa mtutu waliotumia. Jibu lililokuja limenishukuru kwa kuchagua bidhaa yao. Nimemrudishia muuzaji maboksi mawili ambayo sijayafungua, akasema risasi hairudi. Sawa. Hayo mawili nitayamaliza kwenye shabaha ya karatasi, yanatosha kutoboa karatasi.

Porini ninarudi baada ya wiki tatu na sitaki kwenda na kitu nisichokipima. Kwa hiyo mwenye 10mm na kipima mwendo, naomba unipe namba zako: urefu wa mtutu, uzito na aina ya kichwa, wastani wa angalau risasi kumi, na kilichoandikwa kwenye boksi. Natafuta hasa greini 200 au 220, kichwa kigumu pua bapa. Usiniandikie "iko poa" wala "inapiga balaa." Niandikie mita kwa sekunde.