Ofisi kubwa za mawakili Dar, mnaajiri wakili au mnaajiri ukoo?

Wakuu, mimi nipo Kigoma mjini, sheria nimesoma mpaka nimeapishwa, kwa hiyo sijaja hapa kuomba huruma ya mtu. Nina hasira tu na hizi ofisi kubwa za mawakili, zile za maghorofani Posta na Masaki.

Unaingia kwenye intavyuu umejipanga, umepitia mikataba, umepitia kodi, usiku hujalala, swali la kwanza "wewe mwenyeji wa wapi?" Ukisema Kasulu, huku kwetu Kigoma jirani na Burundi, mtu anacheka, "aah kumbe Mrundi", wenzake nao wanacheka halafu na wewe unatakiwa ucheke eti utani. Swali la pili hapa Dar umefikia kwa nani. La tatu ndo lenyewe, nani anakufahamu. Hayo ya mikataba wala hawagusi, tutakupigia. Simu yenyewe nasubiri mpaka kesho.

Na hawa ni mawakili jamani! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 kinakataza kubagua mtu kwa kabila au mahali anapotoka, na kinasema kabisa kwamba hata anayeomba kazi analindwa. Wanalipwa hela nzuri kuwaelezea mabenki na migodi kifungu hichohicho. Kuna atakayesema nenda CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, haya nimeenda, nimeshinda, halafu nani ataniajiri wakati wote wale wanajuana?

Ila mchujo wenyewe unaanza mapema, kwenye fildi, yale mafunzo ya kazi ofisini. Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile ya kupita baada ya digrii kabla hujaapishwa uwakili, ilivyoanza 2008 mpaka tunasoma sisi ilikuwa hiyohiyo moja, Dar. Mtoto wa Mikocheni anatoka kwao kashiba, anafanya fildi bila malipo kwenye ofisi ya rafiki yake baba, maboss wanamzoea, nafasi ikitokea anapigiwa yeye hata tangazo halitoki. Wewe wa mwisho wa reli chumba upange, nauli, msosi, na ofisi haikupi hata mia, unaishia kurudi kufanya fildi nyumbani, baadaye wanakwambia "huna uzoefu wa ofisi kubwa". Na hapo umeponea ile shule, mnakumbuka yale matokeo ya 2022, watu 633 waliopita moja kwa moja 26.

Marekani nako wana mambo haya, ofisi kubwa za miji ya nje ya New York zinamuuliza mwanafunzi una nini na huu mji, umezaliwa hapa, mkeo wa hapa? Ila wale wanaogopa wakufundishe kazi halafu uhamie kwenu, angalau unaona hesabu yao. Sasa kwa hesabu hiyo si ndo wangetutafuta sisi, maana kazi zipo huku, bandari, mzigo wa Kongo na Burundi, SGR ya Tabora mpaka Kigoma kilomita 506 hiyo, mikataba yote hiyo inataka mtu anayeijua Kigoma. Wapi. Mafaili yanakaa Dar, benki zina paneli zao, yaani orodha ya ofisi za mawakili wanazozipa kazi, na humo hupenyi.

Kinachoniua kabisa, kesi yao ikipangwa Mahakama Kuu hapa Kigoma ndo namba yangu inakumbukwa. "Mkuu nishikie hiyo kesi Jumatano, ni ya kutajwa tu." Nasimama mbele ya Jaji naomba tarehe nyingine kwa niaba ya msomi fulani yuko Dar anakunywa kahawa, jioni natumiwa hela ya kununulia migebuka. Hapo Uha wangu, yaani kabila langu, hauna shida, Kiswahili changu kimenyooka, hakuna anayeuliza nafahamiana na nani.

Na wale wa "si ujiajiri", ofisi ninayo. Nashughulika na mirathi na mipaka ya viwanja, wateja wanalipa wakivuna na wengine hawalipi kabisa, wakati huohuo vishoka, wale mawakili feki, pale nje wanaandika hati kwa elfu tano. Msiniletee hiyo hadithi.

Mliopo ndani ya hizo ofisi njooni mseme, kuna inayochukua mtu kwa mtihani wa kuandika, karatasi zisahihishwe kwa namba bila jina? Moja tu. Na nyie mnaopiga simu Jumanne usiku kuomba kushikiwa kesi, kuanzia leo bei imepanda, mnalipa kabla sijavaa joho.